Umeme Uliopita Juu ya Sanje

Mwaka 1970 bonde la Kilombero lilipokea wageni wawili kwa mpigo. Mmoja alikuja na baruti kupasua mwamba wa Kidatu, ili maji ya Ruaha Mkuu yapitishwe kwenye handaki na kuzungusha mitambo ya kufua umeme. Mwingine alikuja na mataruma, kokoto na vyuma vya reli ya TAZARA, akitokea Dar es Salaam kuelekea Zambia. Kufikia mwaka 1975 kazi kubwa ya wote wawili ilikuwa imekwisha. Kidatu ikaanza na megawati 100, na baada ya awamu ya pili mwaka 1980 ikafika 204. Reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Sanje, kijiji chetu chini ya milima ya Udzungwa, kipo kati ya Kidatu na Mang'ula. Kwa hiyo wageni wale wawili tuliwaona kwa karibu, lakini wao kwa wao hawakuwahi kukutana. Umeme wa Kidatu ulipanda kwenye minara ya kilovolti 220 ukaenda Morogoro na Dar es Salaam. Treni ilipita bondeni ikiunguza dizeli iliyoshushwa kwa meli pwani. Bonde lilikuwa na nguvu ya umeme na lilikuwa na magurudumu, ila magurudumu yalizungushwa na mafuta ya watu wengine. Pikipiki zilipoingia kwa wingi, hadi serikali ikatunga kanuni za kuzipa leseni za biashara mwaka 2010, nazo zilirithi utaratibu uleule. Petroli inatoka Ghuba, inapita bandarini, inapanda lori hadi bondeni, na mwisho inauzwa kwenye chupa ya maji pembeni ya barabara.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu ya swali la kaka yangu. Yeye ni dereva wa bodaboda. Alichukua pikipiki kwa mkataba, akapeleka hesabu kwa bosi kila jioni mpaka ikawa yake, na sasa imechoka. Mama ana fedha za mpunga wa misimu miwili, na amekubali kuzitoa mara moja tu. Kaka ana mawazo mawili. La kwanza ni kuungana na rafiki yake waagize Nissan Leaf iliyotumika Japan, wabebe abiria kwenda Ifakara. La pili ni kununua pikipiki ya umeme. Aliniambia kwenye simu: "Wewe ndiye unayesoma historia. Hivi vitu vimeanza lini, na kwa nini mpaka leo havijatufikia?" Mama, aliyekuwa pembeni, akaongeza lake: "Na betri ikifa, nani ananunua nyingine?"

Nimeyachukua maswali yote mawili kama kazi ya darasani. Nadhani jibu la kaka limejificha ndani ya swali la mama.

Gari la umeme si kitu kipya. Mwaka 1897 teksi za umeme za Walter Bersey zilikuwa zinabeba abiria katika mitaa ya London. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, na gari hilo lilikuwa la umeme. Mwaka 1900, kati ya magari 4,192 yaliyoundwa Marekani, 1,575 yalikuwa ya umeme na 936 tu yalikuwa ya petroli. Mengine yalikwenda kwa mvuke. Mtu aliyeishi mwaka ule akiulizwa ni gari gani litashinda, asingekuwa na sababu kubwa ya kuitaja petroli. Gari la petroli lilinuka, lilipiga kelele, na liliwashwa kwa kuzungusha mpini ambao uliweza kumvunja mtu mkono.

Lakini petroli ilishinda. Kwanza, Ford Model T iliyotoka mwaka 1908 kwa dola 850 iliendelea kushuka bei hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Pili, mwaka 1912 Cadillac ilianza kutumia stata ya umeme ya Charles Kettering, na mpini ukaanza kusahaulika. Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi watu wa Sanje: petroli inaingia kwenye debe. Debe linabebwa kwa mkokoteni, kwa punda, hata kichwani, na linafika pasipo na nguzo ya umeme. Umeme wa Marekani ulibaki mjini. Mwaka 1935, serikali yao ilipounda wakala wa kupeleka umeme vijijini, shamba moja tu kati ya kumi hivi lilikuwa na umeme. Gari la umeme lilishindwa mahali ambapo wakulima walikuwa wanasubiri nguzo.

Wakala ule uliitwa kwa kifupi REA. Tanzania nayo ina REA yake, iliyoanza kazi mwaka 2007, wakati kaya za vijijini zilizokuwa na umeme zilikuwa karibu asilimia 2. Herufi ni zilezile na kazi ni ileile, zikiwa zimepishana miaka 72. Baadaye gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000, na nguzo zikaanza kusogea. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kaka ni hili: vyombo hivi vilichelewa kutufikia kwa sababu viliungojea umeme, na sisi pia tulikuwa tunaungojea. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunaungojea chini ya waya zake.

Sasa nguzo zimefika, kwa hiyo hesabu inawezekana kupigwa. Nitaanza na pikipiki, kwa makadirio ambayo kila dereva anaweza kuyabadilisha kulingana na kazi yake.

Tuchukulie kaka anatembea kilomita 100 kwa siku. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 2.5. Lita ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 7,500 kwa siku. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo itahitaji kama uniti 4, na nitaandika 5 kwa sababu sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji. Kwa kiwango cha kawaida cha TANESCO kilichopangwa mwaka 2016, uniti moja ni shilingi 292, na pamoja na kodi na tozo ni kama 356. Uniti 5 ni shilingi 1,780. Tofauti ni shilingi 5,720 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inafika karibu 148,700 kwa mwezi. Hapo sijagusa oili, plagi wala kabureta, vitu ambavyo pikipiki ya umeme haina.

Ila kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Nyumba nyingi za vijijini ziko kwenye kundi la watumiaji wadogo, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki ya kaka peke yake itakula uniti 130. Akichajia nyumbani kwa mama, nyumba nzima itatoka kwenye kundi hilo. Kama mama hutumia uniti 30 kwa taa, redio na simu, atazilipia 356 badala ya 122, yaani karibu shilingi 7,000 zaidi kila mwezi. Faida bado ni kubwa, lakini ni haki mama ajue mapema kwamba balbu yake itachangia safari za bodaboda.

Gari nalo kwa matumizi ya siku linaonekana zuri. Leaf ikila uniti 18 kwa kilomita 100, ni kama shilingi 6,400. Gari dogo la petroli linalokunywa lita 7 litakula 21,000 kwa mwendo huo. Mtu akiishia kwenye hesabu hii ataagiza gari kesho. Tatizo linaanza anapouliza gari hilo limeishi wapi na litaishi wapi.

Nissan ilianza kuuza Leaf mwishoni mwa mwaka 2010. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24, na kwa vipimo vya Marekani gari jipya lilikwenda kama kilomita 117 kwa chaji moja. Betri hiyo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, mji wa joto kali, walianza kulalamika kwamba chaji inapungua haraka kuliko walivyotegemea, na kampuni ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri. Bonde la Kilombero si jangwa, ila joto tunalo, na gari litakalotufikia litakuwa limekwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Betri ikibaki na asilimia 70 ya uwezo wake, zile kilomita 117 zinakuwa kama 80. Kwenda Ifakara na kurudi Sanje ni zaidi ya kilomita 80. Yaani safari moja, kisha gari linalala kwenye soketi usiku mzima huku abiria wakipanda Noah ya jirani.

Kuhusu nguvu ya mota yenyewe, bonde letu lina ushahidi wa zamani ambao wengi hawaujui. Vichwa vya treni vya kwanza vya TAZARA, vilivyotoka China, vilipata shida kubwa kwenye mlima baada ya Mlimba, reli inapopanda kuelekea Makambako. Katika miaka ya 1980 shirika likaleta vichwa vya muundo wa General Electric. Ndani yake injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja: inazalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha mota zilizo kwenye ekseli. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 40 mota za umeme zimekuwa zikivuta mabehewa chini ya Udzungwa, na mota ya umeme ina nguvu tangu mzunguko wake wa kwanza. Gunia la mpunga nyuma ya pikipiki halitaitisha. Kwenye kuvuta, petroli haina cha kujivunia mbele ya umeme.

Basi tatizo haliko kwenye mota. Liko kwenye umeme wenyewe, na kwenye betri.

Umeme wetu una historia ya kukatika ambayo watu wa Kidatu wanaijua kuliko wengine, kwa sababu Kidatu hutegemea maji yanayotunzwa Mtera, juu ya mto. Mtera ikikauka, nchi inaingia gizani. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya mwanzo ya 1990, ikawa tena mwaka 2006 na 2011. Mwishoni mwa 2023 mgao ulirudi, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Bwawa hilo, lenye megawati 2,115, ni zaidi ya mara kumi ya Kidatu, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde la Kilombero. Ifakara nayo imejengewa kituo cha kupoza umeme kilichounganishwa na waya wa kilovolti 220 unaotoka Kihansi kwenda Kidatu. Kwa mara ya kwanza waya mkubwa uliokuwa ukipita juu yetu umeshushwa chini bondeni.

Haya ni mabadiliko ya kweli. Tangu Juni 2024, mtu wa Kilombero akifika Morogoro kwa basi anaweza kuendelea hadi Dar es Salaam kwa treni ya umeme. Lakini treni ina shirika la serikali nyuma yake, na umeme ukikatika kuna mhandisi wa kupigiwa simu usiku. Kaka akiamka saa 11 alfajiri akakuta umeme ulikatika usiku na betri haikujaa, hana wa kumpigia. Mwenye petroli atakwenda kwenye chupa. Yeye atakaa kijiweni akiwatazama wenzake.

Watu walishaligundua tatizo hili zamani, na walishalipatia dawa. Katika miaka ya 1910 kampuni ya umeme ya Hartford, Marekani, ilianza utaratibu ambao mteja alinunua gari la mizigo bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Chaji ikipungua, dereva aliingia kituoni, akabadilishiwa, akalipa kwa maili alizotembea. Betri ikifa ilikuwa hasara ya kampuni. Utaratibu huo uliendelea hadi 1924. Karibu miaka mia baadaye, Kigali, kampuni ya Ampersand ikaanza kufanya jambo lilelile kwa bodaboda, kisha ikaingia Kenya: dereva anafika na betri iliyoisha, anaondoka na iliyojaa kwa dakika chache. Kituo ndicho kinachobeba hofu ya mgao, na ndicho kinachobeba hofu ya betri kuchoka.

Hata hivyo kituo nacho ni cha mtu, na mtu huyo anaweza kufilisika. Nairobi ilijifunza hilo. Mwaka 2018 kampuni ya teksi za umeme ya NopeaRide, yenye mizizi Finland, ilianza kazi kwa gari zilezile za Nissan Leaf na vituo vyake vya kuchajia. Mwishoni mwa 2022 ilifunga baada ya kampuni mama kukosa mtaji. Madereva walikuwepo, abiria walikuwepo, na gari zilikuwa zinatembea. Kilichokufa ni mfuko wa kampuni, na vituo vikaenda nao. Anayemwachia mwingine betri anamwachia pia ufunguo wa riziki yake.

Nikiyaweka haya yote pamoja, naona kwamba gharama ya chombo cha umeme kwa mtu kama kaka haisomeki kwenye bei ya dukani wala kwenye LUKU. Inasomeka kwenye swali la mama: betri ikifa, nani ananunua nyingine? Kwa wastani wa dunia, bei ya betri imeshuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010 hadi kama dola 115 mwaka 2024, na hiyo ni habari njema. Lakini wastani huo ni wa viwanda vinavyonunua kwa meli. Anayenunua betri moja dukani hulipa zaidi, na hulipa siku ambayo hakuipanga.

Nimemjibu kaka hivi. Gari, hapana. Si kwamba ni baya, ila fedha za mama zitakuwa zimefungwa ndani ya betri iliyozeeka nchi nyingine, na hapa hakuna wa kugawana naye hasara hiyo. Pikipiki, ndiyo, kwa sharti kwamba betri isiwe yake peke yake. Kijiweni kwake wako kumi na wawili. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi cha bodaboda kikiwa na pikipiki tano za umeme na betri nane, kikachajia kwenye mita yake yenyewe, mita ya mama inabaki kwenye uniti 75, betri tatu za ziada zinavusha usiku wa kukatika umeme, na betri inayokufa inazikwa na watu wengi. Ile shilingi 5,720 ya kila siku ndiyo itakayoinunua mpya, wakikubaliana kuweka kando hata elfu moja kabla ya kugawana.

Kikundi kikikataa, nimemshauri atengeneze pikipiki ya zamani na fedha za mama zibaki zilipo. Kusubiri hakujawahi kumfilisi mtu wa Sanje. Kikikubali, kabla ya kulipa amuulize muuzaji mambo matatu na majibu yaandikwe: betri imedhaminiwa kwa muda gani na ikibaki na uwezo kiasi gani, spea ya chaja inapatikana wapi karibu kuliko Dar es Salaam, na fundi gani wa Kilombero amefundishwa kuifungua. Ameniambia ataitisha kikao Jumapili, na mama ameomba ahudhurie.